Gemu ya kupigana ya kununua ukiwa Kigoma: ipi ya kwanza, ipi uiache dukani

Kwa mwenye PS4 iliyotumika, namba moja kwangu ni Street Fighter 6. Ya pili ni Tekken 7, ya tatu Mortal Kombat 11. Dragon Ball FighterZ na Guilty Gear Strive ni za wenye sababu maalumu. Najua mpangilio huu utawakera watu wa Tekken, na mitaa ya Mwanga na Ujiji imejaa watu wa Tekken, lakini nisikilizeni kwanza.

Kipimo changu ni nani atashika pedi ya pili. Mpinzani wa mtandaoni yuko mbali na bando linaisha, kwa hiyo wa kucheza naye ni huyo aliyekaa pembeni yako: mdogo wako, shemeji, jirani. Gemu ikimtaka afanye mazoezi mwezi mzima ndipo aonje ushindi, atakurudishia pedi aombe mpira uwekwe. Ikiwa nyepesi kupita kiasi, wewe mwenye nyumba ndiye utakayeichoka. Drafti ya vizibo mtu anaifahamu jioni moja, ila kijiweni yupo mzee atakayemfunga mpaka mwaka uishe. Gemu ya kununua iwe hivyo.

Street Fighter 6 ilitoka Juni 2023, kwa PS5 na PS4 pia. Tangu Street Fighter II ya 1991, kurusha hadouken, lile tufe la nguvu linalotoka mikononi, ni kupeleka kidole chini, mshazari, mbele, kisha ngumi, yote kwa haraka. Mgeni anakwama hapohapo. Sasa upo mtindo wa kucheza uitwao Modern, ambao pigo maalumu linatoka kwa batani moja na mwelekeo. Si bure: pigo lililotoka kwa mkato huo linaumiza pungufu kwa asilimia 20, na baadhi ya mapigo ya kawaida ya mhusika wako huyapati kabisa. Anayetaka mtindo wa zamani, Classic, ana batani zake sita na kila kitu. Wote wawili wanapigana katika mechi moja, kila mtu na mtindo wake.

Wapo wanaosema huko ni kubembeleza wavivu. Mimi nauliza: huo ushindani mnaoulilia uko kidoleni au kichwani? Kila mpiganaji anaanza raundi na mita ya Drive, yaani akiba yake ya nguvu, iliyojaa. Ukiitumia hovyo ikaisha, hata ukizuia mapigo maalumu damu yako, yaani uhai uliobaki, inapungua, na ukibanwa ukutani unaweza kuduwazwa. Lini uitumie, usimame umbali gani, mwenzako ataruka au atasubiri: maswali hayo batani moja haikujibii. Atakayeyajibu vizuri atamfunga mwenye vidole vyepesi. Upo hata mtindo wa tatu, Dynamic, ambao mtu anabonyeza tu na mashine inamchagulia pigo kulingana na umbali. Huo haukubaliki mtandaoni, na ndivyo inavyotakiwa. Mpe mtoto wa darasa la pili.

Tekken 7, iliyofika PS4 mwaka 2017, ina mlango mzuri kuliko zote: batani nne, kila moja mkono au mguu wake. Ndiyo maana tangu Tekken 3 mtoto anamchukua Eddy Gordo, anafinya batani za miguu bila mpango, na kaka yake analala chini. Shida inaanza baada ya hapo. Mhusika mmoja ana mapigo yanayopita 100, na gemu yenyewe karibu haikufundishi lolote. Ngumi ya umeme ya kina Mishima, familia maarufu ya wahusika wa Tekken, inataka mwelekeo wa mwisho na batani viingie katika fremu ileile, yaani sehemu moja ya 60 ya sekunde. Ukiwa na rafiki wa kuchimba naye hayo, hutaimaliza. Arslan Ash alikulia kwenye gemu za mitaani Lahore, Pakistan, mahali ambapo wakubwa wa Japani na Korea Kusini hawakupahesabu, na mwaka 2019 akachukua mashindano makubwa ya gemu za kupigana, Evo Japan, kisha Evo yenyewe ya Marekani. Kwa hiyo mtu asikuambie Kigoma ni mbali. Naiweka ya pili kwa sababu moja tu: mgeni akifungwa, haelewi amefungwa na nini.

Mortal Kombat 11 ina batani maalumu ya kuzuia, na damu ikishuka chini ya asilimia 30 unapata pigo kubwa la kujiokoa, mara moja kwa mechi. Wageni wanaipenda. Ila mifupa inavunjwa na matumbo yanatoka nje, na kama runinga yako iko sebuleni anakokaa bibi, iache dukani.

FighterZ ni tamu kwa mpenzi wa Dragon Ball, ile katuni ya Kijapani: finya batani moja mfululizo, kombo, yaani mapigo yanayofuatana, inatoka. Lakini ni watatu kwa watatu, na ukikamatwa na mjuzi unaweza kuweka pedi chini ukanywa chai mpaka amalize. Strive ni nzuri sana kwa macho na ina kina, ila utaicheza peke yako.

Mwenye PS5 aweke Tekken 8 mahali pa Tekken 7. Ina mtindo mwepesi unaouwasha na kuuzima katikati ya pambano. Haipo PS4, na muuzaji akikuambia ipo, ondoka. Mwenye PS2 asione haya: Tekken 5 imebeba ndani yake Tekken tatu za mwanzo za mashine za kumbi za gemu.

Nunua CD, usipakue. Ukiichoka utabadilishana na mtu. Kabla ya kulipa, jaribu mishale ya kushoto ya pedi zote mbili, hasa mshazari wa chini, kwani gemu za mpira hazikuonyeshi kama mshazari huo umekufa. Ukifika nyumbani, iweke runinga kwenye hali ya gemu, la sivyo picha itachelewa na utazuia ngumi iliyokwisha kufika.