Chuo cha Biblia au malezi ya mchungaji: kipi kinamjenga kiongozi?

Chuo cha Biblia humpa mwanafunzi mambo ambayo mchungaji mmoja hawezi kumpa peke yake: Kigiriki na Kiebrania, historia ya kanisa, na walimu wenye mitazamo tofauti wanaomlazimisha kutetea anachokiamini.

Malezi ya ana kwa ana yana kazi nyingine, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Katika Marko 3:14, Yesu aliwaweka wale 12 kwanza wawe pamoja naye, kisha awatume kuhubiri. Anayelelewa humwona mlezi wake akimfariji mfiwa, akipatanisha wanandoa, hata akiomba radhi mbele ya wazee wa kanisa. Hayo hayapimwi kwa mtihani. Paulo naye alimchukua Timotheo safarini, na baadaye, katika 2 Timotheo 2:2, akamwagiza awakabidhi mafundisho watu waaminifu watakaoweza kuwafundisha wengine. Lakini mlezi mwenye kiburi huzaa viongozi wenye kiburi, hasa pasipo mtu wa kumkosoa. Hapo chuo husaidia.

Ningeanza na malezi, chuo kifuate. Aliyekwisha kukaa na wagonjwa na wafiwa huingia darasani na maswali ya kweli.