"Inabeba tu bosi"

Mota yenyewe ya baiskeli sina ugomvi nayo, niseme mapema. Ugomvi wangu ni na aliyeniuzia, na nikimaliza naye huenda nikajigeukia mwenyewe.

Seti ya kuigeuza baiskeli yangu iwe ya umeme niliifunga kwa mikono yangu: mota ya gurudumu la nyuma, betri ya volti 36. Siku za mwanzo nilikuwa kama mtoto siku ya sikukuu. Baadaye ile kilomita 25 kwa saa ikaanza kunikera. Ukifika tambarare inakata ghafla, utadhani mtu kakudaka shati kwa nyuma. Nikachomoa ule waya unaobana spidi kwenye kontrola, boksi linalogawa umeme kwa mota (kwangu ulikuwa mweupe, wewe soma karatasi yako kwanza). Ikafika 32. Raha tupu. Ningeridhika hapo, leo nisingekuwa naandika.

Tamaa ikanituma kwa muuzaji. Nikamuuliza kwenye simu, betri ya 48 naweza kuiweka kwenye kontrola hii hii? Akajibu: "Inabeba tu bosi." Na betri nikanunua kwake.

Nilipochomeka, cheche. Sikushtuka, cheche kidogo ni kawaida. Halafu pa! Ikafuata harufu ya plastiki iliyochanganyika na samaki aliyeoza, chumba kizima. Nikachukua bisibisi nikafungua boksi la kontrola. Kapasita kubwa, kile kikopo kinachotunza umeme kidogo, imefura kichwa na kupasuka, na ubavuni imeandikwa wazi kabisa: 50V, yaani mwisho wake volti 50. Sasa betri ya 48 ikijaa haisomi 48, inasoma 54.6. Ile ya 36 ikijaa ni 42, ndiyo maana miezi yote hiyo kulikuwa na amani. Hesabu ya kutoa tu! Sikuipiga kwa sababu nilishaambiwa inabeba.

Nikamtumia picha. Jibu: "Nani alikutuma ufungue kontrola? Waranti umeiua mwenyewe." Nikamweleza kwamba nimefungua baada ya kuungua, sio kabla. Akanitumia kidole gumba. Kidole gumba, jamani! Hata pole hakuna. Hicho kidole kiliniuma kuliko hasara.

Nilishaamua kutoa nyota moja, na hiyo moja ni ya boksi lililobebea mzigo.

Ila sasa... nikatafuta kontrola nyingine kwa mtu mwingine, nikahakikisha kapasita zake ni za 63V, nikafunga mota ile ile na betri ile ile. Weee! Spidi ya mota inafuata volti, kwa hiyo kimahesabu nilitegemea 42 na ushee. Upepo umekula zake, napata 38, wakati mwingine 39. Chaji inaisha haraka mno, na breki za ukingo wa gurudumu kwa mwendo huo ni za kuombea dua, nimeshazibadilisha. Tena nimefunga mkono wa chuma kushika ekseli, maana mota ikivuta kwa nguvu ekseli inaweza kuzunguka kwenye fremu na kukata nyaya. Hilo nalo hakuna aliyeniambia.

Basi nyota nne za mota. Au tatu na nusu, sijui, kila nikikumbuka kile kidole zinapungua.

Juzi huyo huyo muuzaji kaniandikia: "Bosi, ile kontrola mpya umeipata wapi? Kuna mteja ana tatizo kama lako."