Riwaya ya Waairishi wa Liverpool: ile suti imeniua kabisa

Jana nimeimaliza saa nane usiku na leo kazini nasinzia tu. Ni familia moja ya Waairishi pale Scotland Road, Liverpool, inaanza na bibi aliyeletwa mgongoni kwenye meli wakati wa ile njaa kubwa ya viazi, ya 1845 kuja mbele, inafika mpaka wajukuu na vitukuu wanakimbilia handaki ndege za Hitler zikipita juu. Kitabu kinene, msinunue kama hampendi majina mengi.

Kilichonishika ni suti ya baba. Jumatatu mama anaiweka rehani, Ijumaa pesa ikiingia anaikomboa, Jumapili mzee anaingia misani kifua mbele kama vile haijawahi kutoka kabatini. Sasa ikatokea msiba Jumatano, suti iko dukani, hela hakuna, mzee akaenda kuzika na koti lake la bandarini linanuka lami na hakuna mtu aliyemwambia kitu, wote wanaangalia viatu vyao. Yaani nilikifunga kitabu kwa muda kidogo. Hata zile asubuhi za bandarini kaziandika vizuri, wanaume wamejipanga mbele ya nyapara, akikugusa bega umepata kibarua, akikupita ndo hivo rudi kwa mkeo mikono mitupu.

Vita nayo kaiweka jikoni, nimependa. Mei 1941 mji ulipigwa mabomu usiku kwa usiku karibu wiki nzima, watu kama 1,700 wakafa, na meli ya Malakand iliyojaa silaha ikalipuka hapo Huskisson Dock (hii ni kweli kabisa, sio chumvi ya mwandishi). Yeye hakupeleki bandarini, unabaki na mama chini ya meza, sahani zinaanguka moja moja na yeye anazihesabu, maana mume yuko zamu.

Sasa lawama. Binti anapenda kijana wa Kiprotestanti, baba wa kijana huandamana na wenzake wa Orange (chama cha Waprotestanti, hawapatani na Wakatoliki kama familia hii) kila tarehe 12 Julai, nikasema haya leo patachimbika, wapi, sura mbili tu wameshapatana wanakunywa chai, na chai yenyewe ya mgao! Halafu Ireland haikuingia vitani, huku kaka mkubwa anavaa gwanda la jeshi la Mwingereza na mjomba hamsalimii tena. Hapo ndo palikuwa na nyama, bana, kapewa kurasa mbili mjomba wa watu akapotea jumla, mpaka mwisho sikumwona tena.

Na yule daktari anayetokea kila mtu akitaka kufa, hata kwenye handaki yupo na mkoba wake, nimechoka naye.

Nyota nne. Hiyo ya tano amekula daktari.