Photokina, maonyesho ya kamera ya Köln, Ujerumani: nilienda mara ya kwanza, kumbe ndiyo ya mwisho

Nianze na viatu. Nilivaa vipya, vyeusi, vilivyochongoka mbele, nikidhani mtu akialikwa Ulaya na kazi yake sharti apendeze. Saa nane mchana siku ya kwanza nilikuwa nimeketi sakafuni, nimevivua, nahesabu malengelenge. Yaya yangu (kwetu yaya ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto) alicheka mpaka akashika ukuta. "Mdogo wangu, hapa si kanisani."

Nina studio ndogo Kamalondo, Lubumbashi: harusi, ubatizo, picha za pasipoti, na matanga pia. Septemba 2018 nilikuwa nimemtembelea yaya Liège, Ubelgiji, na kutoka kwake hadi Köln ni kama saa moja kwa treni. Ukitoka stesheni kuu unakuta lile kanisa la minara miwili limekusimamia kichwani. Tukavuka mto Rhine kwa miguu, kwenye daraja lililojaa kufuli za wapenzi, mpaka Deutz kwenye majumba ya maonyesho. Photokina ilianza 1950. Mwaka ule ilikuwa ya siku nne, tarehe 26 hadi 29, na waandaaji walihesabu wageni wapatao 180,000. Ukiwa ndani huwaoni wote hao. Unaona mgongo wa aliye mbele yako na mkoba wake.

Siku ya kwanza niliipoteza. Nilikimbia kibanda hadi kibanda nikikusanya katalogi kama mtu anayegombea fulana za kampeni (nyumbani uchaguzi ulikuwa unakaribia, labda ndiyo sababu). Jioni yaya akauweka mfuko wangu kwenye mizani ya bafuni: kilo saba. "Utalipia ndege ikubebee karatasi?" Tukabakiza katalogi mbili.

Siku ya pili niliingia na kadi yangu ya memori, viatu vya yaya vya mazoezi, na uso wa yaya mwenyewe. Huo uso ndio uliofanya kazi. Mwaka ule kila kampuni ilikuwa inasukuma kamera zisizo na kioo ndani: Nikon ilikuwa imetangaza Z7 na Z6 mwezi Agosti, Canon EOS R mwanzoni mwa Septemba, na siku moja kabla ya milango kufunguliwa Leica, Panasonic na Sigma walitangaza kwamba lenzi zao zitaingiliana. Sisi wa Lubumbashi kamera tunamwagiza mtu anayeenda Dubai. Unaishika mara ya kwanza ukiwa umeshalipa. Pale unaishika bure, unasikia uzito wake, unaangalia kama kidole gumba kinafika kwenye kitufe.

Lakini mbele ya kila kamera walikuwa wameweka msichana mweupe chini ya taa laini. Ngozi ile na taa zile, hata simu ya sokoni ingetoa picha nzuri. Jumamosi zangu mimi ni shela jeupe, koti jeusi na uso mweusi, jua liko nyuma yao, na shangazi wa bibi harusi anapita katikati. Basi nikamwomba yaya, ambaye ni mweusi kunizidi, asimame mbele ya ukuta mweupe. Kamera ikiuona ukuta ule inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza, na uso unazama. Nilitaka kujua ukizama unaweza kuinuliwa kiasi gani bila kujaa chengachenga, na kamera italiona jicho lake na kulilenga yenyewe, au italikosa. Vibanda vingine vilikataa kadi yangu, wakisema kamera bado haijakamilika. Walioniruhusu, nilizipeleka picha hizo kwenye kompyuta ya yaya usiku na kuzilinganisha. Kulishika jicho, Sony walikuwa mbele. EOS R ililishika pia, ila wakati ule kwa fokasi ya picha moja moja tu, si kwa mtu anayetembea. Nikon Z ziliongezewa uwezo huo 2019, kwa programu mpya. Katalogi zangu mbili hazikusema lolote kuhusu uso kama wa yaya.

Kilichonilipa nauli, hata hivyo, kilikuwa meza moja ya mafundi waliokuwa wakisafisha kamera za wageni bila malipo. Mzee mwenye ndevu nyeupe aliifungua kamera yangu, akapitisha kijiti chenye kitambaa juu ya sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, akakiinua kwenye taa. Kitambaa kilikuwa na rangi ya tofali. Akaniuliza kwa Kifaransa cha kuokoteza: "Sahara?" Nikamjibu: "Katanga." Akachukua kijiti cha pili, kisha cha tatu. Aliponiuliza huwa naisafishaje, nikaona haya, kwa sababu mimi nilikuwa napuliza kwa mdomo. Akanionyesha: zima kamera, igeuze mdomo uangalie chini, ndipo utoe lenzi, na upepo utoke kwenye kipulizio cha mpira, usitoke kinywani. Kinywa kina mate, na mate juu ya vumbi letu ni udongo wa kufyatulia tofali.

Kibanda kimoja cha mikoba kilinikera. Muuzaji alikuwa akigawa bei za jumla. Mimi nilipofika akasema ni za wenye maduka tu, kabla hajaniuliza kama nina duka. Niliendelea na safari yangu.

Ningewapa nane juu ya kumi na kurudi, lakini hakuna pa kurudi. Ya 2020 ilivunjwa na korona, na Novemba mwaka huohuo wakatangaza kwamba wanaisimamisha. Ukipata nafasi kwenye maonyesho mengine ya aina hiyo, beba kadi yako na mtu wa rangi ya wateja wako, na siku ya kwanza usichukue karatasi hata moja.

Nilichonunua ni kipulizio tu. Vijana wanaojifunza kwangu wamekipa jina. Tukibadilisha lenzi katikati ya harusi, vumbi limesimama hewani, utamsikia mmoja anapaza sauti: "Leta Köln!"