Fundi wa flashi nyuma ya Mwembe Tayari: nyota nne kati ya tano

Wenzangu mnaopiga filamu bado hapa Mombasa (tuko, msicheke), kama flashi yako yawaka vizuri lakini picha zatoka nusu nyeusi, usikimbilie kununua nyingine, mpelekee huyu mzee mwenye kibanda nyuma ya Mwembe Tayari anayetengeneza redio na feni. Kibao hana, ulizia tu fundi wa kamera utaonyeshwa.

Mimi nina Pentax K1000 na flashi ni Vivitar 283 ya zamani, zito hilo, betri nne za AA. Nililinunua duka moja mjini, muuzaji akaniapia ati yaingia kamera yoyote. Kuingia yaingia, hakudanganya, ila hakuniuliza hata kamera ni gani wala shata (lile pazia la ndani linalofungua na kufunga mwanga) nimeiweka spidi gani.

Mzee wangu huyu hakuifungua hata flashi, aliniambia lete kamera kwanza. Akafungua mgongo, filamu hamna, akafungua lenzi hadi mwisho, akachomeka flashi, akaielekeza kwa ukuta mweupe na kuniambia haya mwanangu chungulia hapa kwa nyuma. Shata ikiwa 60, yaani sekunde moja gawa sitini, pale penye alama ya X ya flashi, akifyatua waona dirisha lote jeupe. Akasongeza 125, akafyatua tena, upande mmoja giza tupu! Manake shata ya K1000 ni vitambaa viwili vyafuatana, ukipita 60 cha pili chaanza kufunga kabla cha kwanza hakijafika mwisho, na flashi yenyewe yamulika mara moja tu basi, kwa hivyo palipofunikwa hapapati kitu. Dakika tano nimeelewa, na hajatoza shilingi.

Palikuwa na jamaa mwengine na kamera ya Spotmatic, hiyo mbele ina vitundu viwili vya waya, FP na X, na yeye kachomeka FP ambayo ni ya zile balbu za kizamani za kuungua mara moja. Kumbe flashi yake yawaka mapema shata haijafunguka, ndo filamu nzima yatoka tupu na yeye kutwa alaumu waliomsafishia. Wenye kamera za Canonet ndio wamebarikiwa, shata yao iko ndani ya lenzi, spidi yoyote flashi yakubali.

Haya, flashi yenyewe. Mlango wa betri ulikuwa na ile kutu ya kijani, mtu aliacha betri ndani zikavuja, na hewa yetu hii ya chumvi ikamalizia. Akasugua kwa limau na mswaki, akapangusa kwa spiriti, akakausha vizuri. Halafu akaiwasha akaiacha ijichaji polepole, afyatua, aiacha tena, kwani kapasita, ile inayoweka umeme wa flashi, ikilala miaka huchoka na yataka kuamshwa taratibu. Usijaribu kuifungua mwenyewe tafadhali, mle ndani mna volti mia tatu hivi na hata ukitoa betri bado zipo, zakungoja.

Pia alipima kwa mita pale chini flashi inapogusana na kamera, ikasoma zaidi ya volti 200. Kwa K1000 hamna neno, pale ni swichi tu. Lakini nikaonywa nisithubutu kuiweka kwa kamera ya dijito ya mpwa wangu, nyingine kikomo chake ni volti 6, utaiua kamera ya watu.

Tulipokosana ni kwa hii habari ya oto. Yeye ashikilia weka oto usahau, ile jicho la mbele litakata mwanga lenyewe. Sawa, lakini mzee hapigi harusi za kwetu! Kina mama wamejaa na buibui nyeusi, jicho laona weusi ladhani mwanga haujatosha, lazidisha, nyuso zote zatoka nyeupe pe. Mimi naenda manyuo na hesabu: hii flashi nguvu yake ni 36 kwa mita na filamu ya 100, mtu akiwa mita nne na nusu nagawanya, napata 8, naweka tundu la lenzi f8, namaliza. Na kuelekeza kichwa juu ili mwanga urudi kutoka darini, kwa nyumba za Mji wa Kale zenye boriti nyeusi sahau, haurudi kitu, mulikia ukuta wa chokaa.

Bei alinitoza mia nane, ni haki kabisa. Nyota niliyomnyima ni ya kesho zake, kila ukienda ni kesho inshallah, na risiti hajui ni kitu gani, simu ndo hashiki kabisa. Nenda asubuhi kabla hajazongwa na watu wa feni, beba kamera, flashi na waya wake, na betri uende nazo mpya maana zake za kujaribia zimekufa zote.