Uzi wa sufu ya Herdwick: wa sakafuni, si wa mwilini

Anayetafuta uzi wa sweta ya mtoto apite tu. Uzi wa Herdwick unawasha, wala haufichi: uvute kidogo penye mwanga uone nywele nyeupe, nene, ngumu kama za brashi, zimechomoza kila upande. Hizo ndizo zinazokera shingo. Hizohizo ndizo zinazofanya zulia lisichakae upesi.

Kondoo mwenyewe ni wa milima ya Lake District, kaskazini magharibi mwa Uingereza, mvua na upepo mwaka mzima. Kundi hujua eneo lake bila uzio, mama akimzoesha mwanawe. Mwanakondoo huzaliwa karibu mweusi, kisha manyoya hufifia kuwa kijivu. Beatrix Potter, mwandishi wa vitabu vya watoto, alipofariki 1943 aliiachia National Trust, taasisi ya kuhifadhi ardhi na majengo ya kale, zaidi ya ekari 4,000, na akataka makundi ya mlimani yabaki ya Herdwick safi. Heshima ipo, pesa ndiyo hamna, maana mara nyingi sufu hailipi hata ujira wa mnyoaji.

Uzi huu usiutie rangi. Nywele nene hazishiki, zambarau inatoka kama imepakwa vumbi. Ukichanganya na pamba ya Kariakoo kwa ajili ya pindo, ukifua pindo litajikunja, kwani pamba na sufu hazinywei sawa.

Zulia la mlangoni la sentimita 45 kwa 70 linataka kama gramu 600, nyuzi mbili pamoja, sindano ya kroshia ya milimita 8. Kosa la kawaida ni kuruka tundu la mwisho: mstari wa kumi ukifika, zulia limeanza kuwa pembetatu. Hesabu matundu kila mistari minne. Kwenye vigae weka wavu wa mpira chini yake, la sivyo litamwangusha mtu.

Dar adui ni unyevu. Sufu hunywa mvuke hadi karibu theluthi ya uzito wake bila kuonekana imelowa. Ukilifungia zulia kwenye nailoni wakati wa masika, utalikuta na ukungu na harufu ya zizi. Lianike kivulini penye upepo. Ukiona vitobo vidogo vya kuliwa, ni viwavi vya nondo: liweke kwenye friza wiki nzima. Mwarobaini peke yake usiuamini.

Sabuni ya unga yenye vimeng'enya hula sufu, klorini huiyeyusha kabisa. Shampuu na maji ya vuguvugu vinatosha, bila kusugua.

Agiza mafundo yote ya uzi kwa mkupuo mmoja. Kijivu cha kondoo mzee si cha kijana, na shehena ijayo haitafanana.