Mfano wa mbao wa HMS Victory: ufundi safi, historia pungufu

Jioni za miezi mitano zimeishia kwenye mfano huu wa manowari ya Uingereza HMS Victory, na kwa upande wa ufundi sina budi kuusifu. Mbao zimekatwa barabara, matundu ya mizinga yamepangika katika safu tatu bila kupinda, na kamba za milingoti ni nyembamba lakini imara, hata sikukata moja nilipozikaza.

Kinachonisikitisha ni kijitabu kilichomo kisandukuni, kinachoruka kutoka siku meli iliposhushwa majini huko Chatham, mwaka 1765, hadi vita vya baharini vya Trafalgar vya tarehe 21 Oktoba 1805, alikouawa Nelson, amiri wa Uingereza. Ni kweli kwamba ilikaa bila kazi hadi mwaka 1778, Ufaransa ilipoingia vitani dhidi ya Uingereza. Lakini kuanzia hapo ilikuwa meli ya amri ya maamiri kadhaa wa Uingereza: ya Keppel katika mapigano ya Ushant, karibu na pwani ya Ufaransa, ya Howe aliyepeleka msaada Gibraltar mwaka 1782 wakati ngome ile ya Waingereza ilipozingirwa, ya Hood huko Toulon, bandari ya Ufaransa, mwaka 1793, kisha ya Jervis, ambaye tarehe 14 Februari 1797, akiwa na manowari 15 tu za mstari wa vita, yaani zile kubwa za kupigana kwa safu, aliwashinda Wahispania karibu na rasi ya St Vincent. Baada ya utumishi wote huo iligeuzwa hospitali ya mateka wagonjwa, na ingeweza kuozea hapo hapo. Mtu asiyeyajua haya hawezi kuelewa kwa nini ilihitaji matengenezo makubwa kati ya mwaka 1800 na 1803.

Pengo hilo limeingia hadi kwenye mbao zenyewe. Tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya mfano huu ina varanda za wazi, kama ilivyokuwa meli ilipoundwa, ilhali ubavu wake una mistari ya manjano na meusi ya Trafalgar. Varanda hizo zilizibwa katika matengenezo yale. Chini ya mstari wa maji maelekezo yanataka rangi nyeupe, ingawa tangu mwaka 1780 sehemu hiyo ilivikwa shaba ili kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao.

Hata hivyo, anayependa kazi ya mikono namshauri aununue. Mimi nimeziba varanda kwa vipande vilivyobaki, na chini nimebandika karatasi ya shaba, kipande kimoja kimoja kuanzia kwenye mkuku, ule uti wa chini wa meli.